Matunda ya Lushoto yanatafuta leseni inayomtosha mdogo

Msimu wa matunda ukifika Lushoto, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Soni hugeuka kuwa soko. Plamu hujazwa kwenye vindoo, peasi hupangwa mafungu mafungu, na kila basi likipunguza mwendo wauzaji hulikimbilia dirishani. Baada ya wiki chache mambo hugeuka. Matunda huiva kwa pamoja, bei huporomoka, na yaliyolainika hayavumilii tena safari ya kwenda Tanga, Arusha wala Dar es Salaam. Mengine huliwa na mifugo na mengine huozea chini ya mti.

Tunda lisiloweza kusafiri bichi laweza kusafiri likiwa kitu kingine. Laweza kuwa jemu, juisi au tunda kavu. Laweza pia kuwa mvinyo, na mvinyo nao ukipikwa kwenye mtambo huwa pombe kali ya matunda, ile ambayo Ulaya huuzwa kwa bei ya juu kuliko bia na mvinyo wa kawaida. Katika safari hiyo kila hatua humwongezea mkulima thamani, na kila hatua humwongezea pia vibali. Anayesindika jemu hubisha hodi katika ofisi chache. Anayetaka kupika lita hamsini za pombe kali ya peasi huingia katika mlango uliochongwa kwa ajili ya kiwanda kikubwa.

Makala haya yanahusu mlango huo. Hayamshawishi mtu yeyote kunywa. Wakazi wengi wa milima hii ya Usambara ni Waislamu ambao hawagusi kileo, na wapo Wakristo wengi wenye msimamo kama huo. Lakini pombe tayari inatengenezwa Usambara, tangu zamani, iwe na leseni au isiwe nayo. Kinachotakiwa kuamuliwa ni kama itaendelea kupikwa vichakani usiku, au itapikwa mahali ambapo bwana afya anaweza kuingia mchana na kukagua.

Milima yenye ujuzi wake

Wasambaa wana boha, pombe ya miwa inayostawi kwenye mabonde yenye maji. Boha ina nafasi yake katika sherehe na mikusanyiko, na inajulikana Lushoto hadi Korogwe. Kwa upande mwingine ipo gongo, ambayo sheria huiita moshi. Wanaoipika wengi ni wanawake, wengi wao wakitafuta ada ya shule na fedha za matumizi ya nyumbani. Hupika kwa woga, kwa sababu msako unaweza kutokea saa yoyote, na mtambo ukikamatwa huvunjwa hapo hapo.

Upo pia mvinyo wa matunda. Wasafiri wanaofika Lushoto wamekuwa wakinunua mvinyo na jibini kwa masista wa kituo cha Montessori cha Ubiri. Karibu na Soni, misheni ya Wabenediktini ya Sakharani imejijengea jina kwa mvinyo, kahawa na makadamia. Kule Irente, shamba la Kanisa la Kilutheri linajulikana kwa jibini, mikate na jemu. Taasisi hizi zimethibitisha jambo moja muhimu: bidhaa ya mlimani, ikitengenezwa kwa usafi na kwa utaratibu, hupata mnunuzi bila kuteremka Dar es Salaam.

Lakini misheni ina ardhi, majengo, mhasibu na watu wa kufuatilia karatasi. Mkulima wa Mlalo au Lukozi mwenye miti ishirini ya plamu hana hata kimoja kati ya hivyo. Yeye ndiye anayepaswa kuangaliwa tunapozungumzia ada na leseni.

Sheria ilikotoka

Woga wa serikali juu ya mtambo wa pombe kali ni wa zamani kuliko Tanzania yenyewe. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels uliozuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkataba wa Saint-Germain uliendeleza marufuku hiyo, ikiwamo ya kupika pombe kali. Tanganyika chini ya Waingereza iliishi ndani ya mipaka hiyo. Pombe za asili ziliruhusiwa kwa vibali, na pombe kali ikabaki kuwa kitu cha Mzungu. Mwafrika aliyekutwa na mtambo alihesabiwa mhalifu.

Baada ya uhuru, nchi za Afrika Mashariki zilijaribu njia nyingine. Uganda ilitunga sheria ya enguli katikati ya miaka ya 1960: mpishi wa kijijini apate leseni, auze enguli yake kwa kiwanda, na kiwanda kiisafishe na kuitia kwenye chupa. Huko ndiko ilikotokea Uganda Waragi. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Moshi, Utengenezaji na Upikaji, Namba 62 ya mwaka 1966, iliyoweka moshi chini ya leseni. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Vileo ya 1968, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa leseni za kuuza pombe kwenye baa, vilabu na maduka.

Sheria ile ya 1966 inastahili kutazamwa upya. Mahakamani inatajwa karibu kila mara mtu anaposhitakiwa kwa kukutwa na gongo bila leseni, kana kwamba kazi yake ni kuadhibu peke yake. Ukiisoma kwa haki utaona kwamba ndani yake limo pia wazo la kutoa leseni. Taifa changa liliona kwamba moshi unaweza kuwekewa utaratibu. Miaka kama sitini imepita sasa, na upande wa adhabu umefanya kazi kila wiki, huku upande wa leseni ukisahaulika kijijini.

Ofisi kwa ofisi

Tumchukue mkulima wa plamu anayetaka kutengeneza mvinyo, na baadaye pombe kali, kihalali. Atapita wapi?

Ataanza na wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kusajili jina la biashara au kampuni na kuandikisha kiwanda chake kidogo. Ataenda Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kuchukua namba ya mlipakodi. Halmashauri itampa leseni ya biashara kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, siku hizi kupitia mfumo wa kielektroniki wa TAUSI. Akitaka kuuza kilevi chenyewe, atahitaji leseni ya vileo, ambayo kwa utaratibu wa sheria ya 1968 hutolewa kwa vipindi vya miezi sita, kwa hiyo kwa mwaka mmoja atasimama dirishani mara mbili.

Kisha kuna Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Tangu Julai 2019 shirika hili limechukua pia kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, hivyo ndilo linalosajili jengo, kusajili bidhaa na kutoa alama ya ubora. OSHA itaangalia usalama wa mahali pa kazi. Zimamoto watataka kuona vifaa vya kuzimia moto, na hapo wana haki kabisa, maana mvuke wa pombe hushika moto haraka. Baraza la mazingira, NEMC, litauliza maji machafu na machicha yatakwenda wapi, swali la haki katika milima ambayo vijito vyake vinanywesha vijiji vya chini. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo ina neno, kwa kuwa ethanoli, yaani kileo chenyewe, ni miongoni mwa kemikali inazosimamia.

Mwisho anarudi TRA. Kwa Sheria ya Ushuru wa Bidhaa, Sura ya 147, anayetengeneza bidhaa inayotozwa ushuru huo lazima awe na leseni ya kuitengeneza. Pia, tangu Januari 2019, kila chupa ya mvinyo na pombe kali lazima ibandikwe stempu ya kodi ya kielektroniki, ile inayojulikana kama ETS, ambayo nayo ina gharama yake.

Kila moja ya hatua hizi, ikitazamwa peke yake, ina sababu. Tabu yake inaonekana zinapojumlishwa. Ada nyingi hudaiwa kabla chupa ya kwanza haijauzwa, na nyingi hazitofautishi sana kati ya mwenye pipa moja na mwenye matangi ya chuma cha pua. Nauli nayo ni ada isiyoandikwa popote. Maabara kuu ya TBS iko Ubungo, Dar es Salaam, na ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko Tanga mjini. Kwa mtu wa Mtae, kwenda na kurudi ni siku mbili nje ya shamba, na akiambiwa "njoo wiki ijayo" gharama inakuwa mara mbili.

Hesabu ya pipa moja

Serikali imewahi kuonyesha kwamba inaweza kumfikiria mdogo. Katika bajeti ya mwaka 2019, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo unaotengenezwa kwa matunda ya ndani yasiyo zabibu, kama ndizi, nyanya na choya, ulishushwa kutoka shilingi 200 hadi shilingi 61 kwa lita, ilimradi matunda ya nchini yazidi asilimia 75. Ulikuwa uamuzi mzuri, na Lushoto ingepaswa kuwa ya kwanza kuufaidi.

Sasa tupige hesabu. Mkulima anayetengeneza lita 500 za mvinyo wa plamu, kwa kiwango hicho, atadaiwa ushuru wa shilingi 30,500. Akiamua kuupika mvinyo huo, wenye kileo cha asilimia 10 hivi, atapata pengine lita 100 za pombe kali ya asilimia 40, kwa sababu kiasi fulani hupotea na sehemu za mwanzo na mwisho hutengwa. Ushuru wa pombe kali unazidi shilingi 3,000 kwa lita. Kwa lita 100 hizo deni ni zaidi ya shilingi 300,000. Plamu ni zile zile na mti ni ule ule, lakini ushuru umepanda karibu mara kumi, na gharama za leseni, stempu, vipimo na safari bado hazijaguswa.

Wapo watakaosema pombe kali lazima itozwe zaidi kwa sababu inadhuru zaidi. Ni kweli, na kiwango cha juu kwa lita kina sababu za afya ambazo sizipingi. Shida yangu ni ile sehemu isiyotegemea lita: ada za kudumu na masharti ya jengo. Kiwanda kikubwa hugawanya ada hizo kwa mamilioni ya chupa. Mpishi wa Lushoto huzigawanya kwa chupa mia moja na thelathini.

Katika kodi nyingine nchi yetu imekwishalitatua jambo hili. Mfanyabiashara mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato ya makadirio, na asiyezidi milioni 100 ana utaratibu wake mwepesi. Tangu mwaka 2023, usajili wa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, unaanzia mauzo ya shilingi milioni 200. Kwa hiyo wazo la kumpima mtu kwa ukubwa wa mfuko wake limo tayari katika sheria zetu. Halijafika tu kwenye leseni ya mtambo.

Hofu yenye sababu

Hakuna anayeweza kuzungumzia pombe kali bila kuzungumzia vifo. Februari 2024, kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya ilizika watu zaidi ya kumi waliokunywa pombe yenye sumu, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Methanoli, inayohusika na maafa mengi ya aina hii, huchemka kwenye nyuzi 65 hivi za Selsiasi, na ethanoli kwenye nyuzi 78. Pombe ya matunda huwa na methanoli kidogo kutokana na pektini ya tunda, na kutupa kinachotoka mwanzo hakuiondoi yote; ndiyo maana mpishi mwenye ujuzi hulihudumia tunda kwa uangalifu tangu linapochachushwa. Lakini vifo vya watu wengi kwa mkupuo mara nyingi hutokana na mtu kuongeza kemikali ya viwandani ili kukiongezea kinywaji makali kwa bei ndogo. Sumu nyingine hutoka kwenye vyombo, kama mabomba yaliyolehemiwa kwa risasi au mapipa yaliyokuwa na kemikali.

Hatari zote hizi zina dawa zinazojulikana: chombo cha shaba au chuma cha pua, kipimo cha kileo, sampuli kupelekwa maabara, na kitabu cha kumbukumbu kinachoonyesha kila pipa lilitoka wapi. Dawa hizo hazifanyi kazi kwa mtu anayejificha. Mama anayepika korongoni hawezi kupeleka sampuli kwa mkemia, maana sampuli yenyewe ni ushahidi wa kumfunga.

Tanzania imekwishaonyesha kwamba inaweza kuchukua hatua kali pale afya ya umma inapohitaji. Tarehe 1 Machi 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku nchi nzima. Waziri aliyesimamia mazingira wakati huo, January Makamba, alikuwa mbunge wa Bumbuli, katika milima hii hii ya Usambara. Miongoni mwa viroba hivyo vilikuwamo vya viwanda vyenye leseni. Hilo peke yake latosha kutuonyesha kwamba ukubwa wa kiwanda hauhakikishi usalama wa jamii. Kinachouhakikisha ni usimamizi unaoangalia bidhaa yenyewe, namna inavyouzwa na anayeuziwa.

Kwa wenzetu

Ujerumani, nchi ambayo walowezi wake waliita Lushoto Wilhelmstal na kuleta milimani miche ya matunda ya baridi, ina utaratibu wa wapishi wadogo hasa kusini, kwenye Msitu Mweusi na jirani zake. Mkulima mwenye mtambo mdogo ana kikomo cha lita 300 za kileo halisi kwa mwaka, na kodi yake hukadiriwa kwa aina na wingi wa matunda anayoyatangaza kabla ya kupika. Plamu, peasi na cheri za bustani ndogo zimegeuka chupa zinazouzwa kwa heshima, na serikali inajua kila mtambo ulipo.

Uingereza ilikuwa na kikwazo cha ukubwa kinachofanana na chetu: maofisa wa kodi hawakuwa na desturi ya kutoa leseni kwa mtambo wa chini ya lita 1,800. Mwaka 2009 kampuni ndogo ya Sipsmith ya London ilipata leseni baada ya kubishana nao kwa muda mrefu, na mamia ya watengenezaji wadogo wakafuata. Sheria ya Marekani inaweza kumfunga jela anayepika pombe kali bila kibali, lakini maombi ya kibali cha shirikisho hayatozwi ada, na tangu sheria ya 2017 mtengenezaji hulipa dola 2.70 badala ya 13.50 kwa kipimo kile kile cha pombe kali, kwa kiasi chake cha mwanzo.

Kenya inatupa somo la upande wa pili. Sheria ya mwaka 2010, iliyopewa jina la mbunge John Mututho, iliiruhusu chang'aa, pombe kali ya kienyeji, iliyotengenezwa kwa viwango na kutiwa chupani. Haikumwekea mama wa kijijini hatua ya kupandia. Wenye mitaji wakaingia, vinywaji vya bei ya chini vikafurika, na mwaka 2015 serikali ikalazimika kufanya msako mkubwa. Kuruhusu peke yake hakutoshi, kama mdogo hana daraja lake ndani ya sheria.

Hata hivyo, Nairobi ndiko inakotengenezwa jini ya Procera, kwa vitunda vya mti wa *Juniperus procera*, na huuzwa ng'ambo kwa bei ya kifahari. Mti huo Usambara unaitwa mwangati. Unaota Shume na Magamba, na Wajerumani walijenga njia ya kamba ya angani kuteremsha magogo yake hadi Mkumbara kwenye reli. Wakati ule uliondoka kama mbao. Leo, kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na bila kukata tawi, tunda lake dogo lingeweza kumpatia kijana wa Shume kipato. Sharti ni moja: awepo mtu wa karibu mwenye leseni ya kulinunua na kulitumia.

Kinachowezekana bila kusubiri

Mwaka 2018 serikali ilikubali Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara, uliotambua kwamba majukumu ya taasisi zetu yanaingiliana na ada zinajirudia. Utekelezaji ulianza Julai 2019 na tozo nyingi zimefutwa au kupunguzwa tangu hapo. Watengenezaji wadogo wa vileo wanahitaji kuingizwa katika mpango huo kwa jina lao.

Jambo la kwanza ni daraja la leseni kwa wadogo, lenye kikomo cha lita kwa mwaka, lenye ada ndogo inayolipwa baada ya mauzo ya kwanza. Anayevuka kikomo apande daraja. Pili, mvinyo wa matunda uwe hatua ya lazima kabla ya mtambo: mtu atengeneze mvinyo salama kwa muda, ajenge kumbukumbu zake, ndipo aruhusiwe kupika. Hivyo serikali itakuwa imemjua kabla ya kumkabidhi moto.

Tatu, watu wapike mahali pamoja. Si lazima kila kijiji kiwe na mtambo. Ushirika mmoja wenye jengo moja lililokaguliwa Soni au Lushoto mjini unaweza kuwapikia wakulima mia moja kwa zamu, na ada zote zile zikalipwa mara moja. OSHA, Zimamoto na NEMC watakagua sehemu moja. Ofisa wa TRA atahesabu stempu sehemu moja. SIDO, ambayo tayari huwapeleka wajasiriamali wadogo TBS na kuwapunguzia gharama za mwanzo za alama ya ubora, itakuwa na kundi la kufundisha.

Nne, halmashauri za Lushoto na Bumbuli ziwe na siku maalumu za vibali, maofisa wa taasisi zote wakae meza moja wakati wa msimu, na sampuli zikusanywe hapo hapo na kupelekwa Dar es Salaam kwa gari moja. Hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji ratiba na barua ya mkurugenzi.

Tano, sauti ya wasiokunywa iheshimiwe. Leseni iseme wazi umbali kutoka shule, msikiti na kanisa, saa za kuuza, na marufuku ya kumuuzia mtoto. Serikali ya kijiji iwe na nguvu ya kukataa. Jamii iliyoshirikishwa katika masharti ndiyo itakayoyalinda.

Kikubwa kuliko yote ni namna tunavyomtazama mpishi. Tukiendelea kumwona kama mhalifu mpaka siku atakapokuwa tajiri, tutabaki na makundi mawili: viwanda vikubwa vya mjini na gongo ya korongoni. Katikati hakutakuwa na mtu, na hapo katikati ndipo palipo ajira ya vijana wa Usambara na thamani ya matunda yao. Sheria ya 1966 ilikwishafungua nafasi ya leseni. Wizara ya Fedha, Wizara ya Viwanda na halmashauri za milimani zina uwezo wa kuifikisha kijijini, kwa ada anayoiweza mkulima na kwa masharti anayoyaelewa, kabla msimu ujao wa plamu haujaanza.